Nyumba Ipo, Ramani Haiioni: Hitilafu za Jiokodi na Data za Mitaa Dar es Salaam

Kituo cha Morocco kiko Kinondoni, pale Barabara ya Kawawa inapokutana na Barabara ya Ali Hassan Mwinyi. Konda wa daladala akilitamka jina hilo, hakuna abiria anayedhani anapelekwa Rabat. Programu ya ramani ikiandikiwa neno lilelile, bila la ziada, huenda ikafungua ramani ya Afrika Kaskazini, na kwa kanuni zake yenyewe haijakosea kitu. Nominatim, programu huria inayotafuta anwani ndani ya OpenStreetMap, hupanga majibu yenye majina yanayofanana kwa kuangalia umashuhuri wa mahali, na sehemu ya umashuhuri huo huupima kwa jinsi mahali penyewe panavyotajwa katika Wikipedia. Nchi yenye mfalme na bunge itashindwaje na kituo cha daladala?

Kosa la namna hii huchekesha, kwa hiyo hugundulika upesi. Yanayonishughulisha katika makala haya ni yale yasiyochekesha: nukta iliyoangukia kata ya jirani, mgonjwa aliyehesabiwa katika wilaya asiyoishi, mzigo uliofika ng'ambo ya barabara isiyovukika. Kazi ya kuigeuza anwani ya maneno kuwa nukta yenye latitudo na longitudo, ambayo wataalamu wa taarifa za kijiografia huiita jiokodi, imekwisha kuwa jambo la kawaida katika utafiti wa afya, mipango miji, usafirishaji na ukusanyaji wa kodi. Inapokwenda mrama, desturi ni kumwita fundi wa programu. Hoja yangu ni kwamba katika miji yetu, na nitaichukua Dar es Salaam kuwa mfano, mara nyingi programu ni nzima. Kibovu ni rejesta ya majina ambayo programu hiyo huisoma, na ubovu mkubwa zaidi umo katika dhana iliyotumika kuijenga rejesta: kwamba nyumba huning'inia kwenye barabara.

Mstari na eneo

Dhana hiyo ina kwao. Ofisi ya Sensa ya Marekani, ilipojiandaa kwa sensa ya 1970, iliunda mafaili yaliyoitwa DIME. Kwa sensa ya 1990 nafasi yake ikachukuliwa na TIGER, hifadhidata iliyofunika nchi nzima. Humo kila kipande cha barabara, kutoka njia panda moja hadi nyingine, kimeandikiwa namba ya nyumba ya kwanza na ya mwisho kwa upande wa kushoto, na vivyo hivyo kwa upande wa kulia. Mashine ikiulizwa ilipo nyumba namba 151 katika kipande kinachoanzia 101 na kuishia 199, haihitaji kuijua nyumba yenyewe. Huweka nukta karibu na katikati ya kipande, basi. Kama kipande kizima kina nyumba tano tu, nazo zimejibana mwanzoni mwa barabara, hilo mashine haina habari nalo. Hata Marekani kwenyewe ukadiriaji huu umezaa makosa mengi, hasa mashambani. Hata hivyo unatumika na unafaa, kwa sababu utaratibu uliutangulia: barabara ina jina, jina liko kwenye kibao, na namba hupanda kwa mpangilio.

OpenStreetMap, mradi ulioanzishwa na Steve Coast huko London mwaka 2004, hautegemei ukadiriaji peke yake. Jengo lolote linaweza kuwekewa lebo ya namba na lebo ya jina la barabara. Uhusiano wa msingi, hata hivyo, umebaki uleule. Nominatim ikikuta jengo lenye namba na jina la barabara, huitafuta barabara ya jina hilo iliyo jirani na kulifunga jengo pale. Isipokuta jina, hulifunga kwenye barabara iliyo karibu zaidi. Nyumba ya kona Kariakoo, yenye mlango mtaa huu na ubavu mtaa ule, inaweza kuhamishwa mtaa kwa sababu tu mchoraji alisahau lebo moja. Na jina likiandikwa "Nyerere Road" kwenye barabara na "Barabara ya Nyerere" kwenye jengo, pasipo lebo ya lugha ya kuyaunganisha, mashine huyaona majina mawili yasiyojuana. Kuna na hili la ufundi wa lugha: Kiingereza huweka neno la aina ya barabara mwisho, sisi huliweka mwanzo. Kanuni za kufupisha na kurefusha zilizoandikwa kwa ajili ya "Rd" na "St" hazina msaada kwa mtu anayeandika "Brb."

Sasa msikilize mkazi wa Dar es Salaam akielekeza kwake. Hataji barabara, labda iwe kubwa sana. Hutaja eneo, kisha kituo au alama, kisha hatua za mwisho: Magomeni Mapipa, Tabata Dampo, Mbagala Rangi Tatu, Mwananyamala kwa Kopa, Mikocheni kwa Warioba. Jina la kwanza ni eneo lenye upana. La pili ni nukta ambayo msikilizaji anaijua. Serikali nayo imepangwa hivyohivyo. Halmashauri ina kata, kata ina mitaa, na mtaa ni eneo lenye mipaka, mwenyekiti na ofisi, lenye njia na vichochoro chungu nzima ndani yake. Mkazi akitaka barua ya utambulisho ya kupeleka benki au polisi huifuata ofisi ya serikali ya mtaa. Wakati huohuo, Kariakoo, Mtaa wa Kongo ni barabara yenye maduka kushoto na kulia. Fomu inayouliza "mtaa" bila kufafanua hupokea vyote viwili, na jiokoda, yaani programu ya kufanya jiokodi, iliyolelewa katika desturi ya TIGER hutafuta mstari hata pale mwandishi alipomaanisha eneo. Isipouona mstari huo, wa kulaumiwa si mwandishi wa fomu wala si mashine.

Ramani Huria inafaa kutajwa hapa, kwa sababu imetuonyesha tatizo kwa uwazi kuliko nadharia yoyote. Baada ya jaribio la kuichora Tandale mwaka 2011, mradi huo ulianza mwaka 2015 kwa msaada wa Benki ya Dunia, ukiwatumia wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wakazi wenyewe, lengo kuu likiwa kukabiliana na mafuriko. Walichora majengo, mifereji, vichochoro na mipaka ya mitaa. Baadaye wakateremka hadi kwenye mashina, ngazi ya mjumbe wa nyumba kumi. Ukiifungua Tandale au Manzese leo katika OpenStreetMap unakutana na bahari ya mapaa. Macho yanaridhika. Jiokoda, kwa upande wake, haina macho, husoma lebo. Paa lisilo na jina, namba wala uhusiano na mtaa wowote ni picha isiyotafutika. Ramani inaweza kujaa kwa mtazamaji na kuwa tupu kwa mtafutaji, na hali hizi mbili huchanganywa kila siku katika ripoti za miradi.

Anwani moja, hatua kwa hatua

Tuchukue anwani ya aina inayoandikwa kila siku kwenye fomu za kupeleka mizigo: "Sinza kwa Remmy, nyuma ya kituo cha mafuta, geti la bluu." Kwa bodaboda wa Sinza maelezo hayo yanatosha, tena yamezidi. Kituo hicho kina jina la Remmy Ongala, mwanamuziki aliyefariki Desemba 2010, na hakuna dereva wa njia ile anayehitaji kuelezwa.

Mashine huanza kwa kuikata sentensi vipande na kukipa kila kipande cheo: hiki mji, hiki barabara, hiki namba. Zana kama libpostal zilijifunza ukataji huo kutokana na anwani nyingi zilizokwisha kuandikwa, sehemu kubwa zikitoka OpenStreetMap. Penye anwani chache zilizoandikwa, darasa lilikuwa fupi. Kwa hiyo "Sinza" inaweza kupewa cheo cha mji, "kwa" ikatupwa kama takataka, "Remmy" ikahesabiwa kuwa jina la jengo. "Nyuma ya" ndiyo yenye uzito kuliko maneno yote katika anwani ile, kwa kuwa ndiyo inayoligawa eneo na kusema upande upi, lakini haina mahali pa kukaa katika jedwali la jiokoda. Nyuma hutegemea mbele iko wapi. Mwenyeji anajua kwamba mbele ya kituo cha mafuta ni barabara. Hifadhidata inajua tu kwamba kituo ni nukta, na nukta haina mgongo.

Hatua ya pili ni kulinganisha vipande na rejesta. Sinza imo, ni kata. Remmy pengine imo kama jina la kituo cha basi, pengine haimo. Hapa jiokoda hutofautiana tabia. Yenye msimamo mkali, kama Nominatim ilivyo kwa sehemu kubwa, ikishindwa kulipata neno hurudi mikono mitupu. Yenye ulegevu hudondosha neno isilolijua na kurudisha kinachobaki, yaani kitovu cha kata ya Sinza. Nukta hiyo hutua kwenye ramani ikiwa na rangi ileile, umbo lilelile na uhakika uleule kama nukta ya nyumba iliyopimwa kwa GPS mlangoni. Mimi nauchagua ukali. Asiyepata jibu atapiga simu kuuliza. Aliyepewa kitovu cha kata ataamini.

Ulegevu huohuo huzaa aina ya kosa ambayo wenye kampuni za usafirishaji wanaifahamu. Mwandikie jiokoda "Kimara Korogwe." Isipolijua jina hilo la kituo cha Dar es Salaam kama kitu kimoja, italigawa, itaona kwamba Korogwe ni mji wenye halmashauri katika Mkoa wa Tanga, na itaudharau upande wa Kimara. "Mbezi" peke yake ni mtego mwingine: Mbezi Beach iko Barabara ya Bagamoyo, Mbezi Luis iko Barabara ya Morogoro, na atakayepelekwa kusiko atakuwa na safari nzima ya kuirudia. Majina kama Kaloleni na Majengo yapo Moshi, yapo Nairobi, yapo na kwingine. Barabara ya Sokoine ipo Dar es Salaam na ipo Arusha. Mwanadamu hutatua utata huu kwa kujua yuko wapi anapouliza. Mashine hupata nafuu hiyo ikiwa tu mtengenezaji wa mfumo amekumbuka kuifungia utafutaji ndani ya eneo fulani. Ni marekebisho ya mstari mmoja, na yanaachwa mara nyingi mno.

Kuna aina mbili za anwani rasmi zinazoongeza mkanganyiko huo. Ya kwanza ni sanduku la posta. Kwa miongo mingi barua za ofisi zetu zimebeba S.L.P. na jina la mji, na hiyo ndiyo iliyohesabiwa kuwa anwani kamili. Sanduku liko posta, mwenye sanduku yuko kwingine. Mbaya zaidi, tarakimu za sanduku zikipitishwa kwenye jiokoda bila kusafishwa zinaweza kusomwa kama namba ya nyumba. Ya pili ni kiwanja na kitalu: Kiwanja Na. 48, Kitalu A. Hii ni lugha ya wapima ardhi, nayo ni sahihi kabisa mbele ya msajili wa hati. Lakini namba za viwanja hufuata mchoro wa upimaji, hazilazimiki kupanda kwa mfuatano kandokando ya barabara. Anayezikadiria kama namba za TIGER anapiga ramli.

Majina yanayohama

Rejesta iliyokuwa sahihi jana huchakaa yenyewe, bila mtu kuigusa. Mikoa ya Geita, Katavi, Njombe na Simiyu ilianzishwa mwaka 2012, na Songwe mwaka 2016. Faili la wagonjwa au wateja lililokusanywa kabla ya hapo linasema "Mpanda, Rukwa" na "Mbozi, Mbeya", na lilikuwa sahihi lilipoandikwa. Jiokoda yenye mipaka mipya itaona ugomvi kati ya neno la kwanza na la pili, na itaumaliza kwa kumtupa mmoja. Dar es Salaam yenyewe imeongeza ugumu. Wilaya ya Ubungo ilimegwa kutoka Kinondoni na Kigamboni kutoka Temeke. Kisha Februari 2021 Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ikavunjwa na Manispaa ya Ilala ikapandishwa hadhi kuwa Jiji. Tangu hapo "Jiji la Dar es Salaam" kwa maana ya kisheria ni eneo la Ilala, ilhali mkazi wa Mbagala akiulizwa anaishi mji gani atajibu Dar es Salaam bila kusita, na yuko sahihi. Mtafiti anayehesabu matukio kwa "jiji" bila kusema ni jiji la tarehe gani anachanganya mabakuli mawili ya ukubwa tofauti.

Barabara nazo zina wasifu wao. Samora iliwahi kuitwa Independence Avenue, na kabla ya uhuru Acacia Avenue. Barabara ya Nyerere ilikuwa ya Pugu. Ocean Road ilipewa jina la Barack Obama alipozuru nchi Julai 2013, na wazee wa mjini wanaendelea kuiita kama walivyozoea. OpenStreetMap ina lebo ya jina la zamani, la jingine na la kienyeji. Mhariri anayelifuta jina la zamani na kuandika jipya anadhani amesahihisha; kwa jiokoda amewapoteza wote walioandika anwani zao kabla ya mabadiliko. Jina la zamani halifutwi, huhamishiwa kwenye lebo yake.

Wakati mwingine kinachoondoka ni nyumba yenyewe. Mwaka 2017 majengo mengi kandokando ya Barabara ya Morogoro, kati ya Kimara na Kiluvya, yalivunjwa kupisha upanuzi. Alama ya X nyekundu, tuseme kweli, ndiyo anwani pekee ya ukutani ambayo kila mkazi wa eneo lile aliielewa bila kufundishwa. Majengo ya namna hiyo yakibaki katika nakala ya data iliyopakuliwa kabla ya ubomoaji, anayeitumia nakala hiyo leo anaendelea kupeleka watu kwenye nyumba zisizokuwepo.

Nukta iliyo sahihi mahali pasipo sahihi

Makosa ya namba ni rahisi kuyatambua kuliko ya majina, kwa hiyo nitayapita haraka. Dar es Salaam iko takriban latitudo −6.8 na longitudo 39.28. Faili za GeoJSON hutanguliza longitudo. Programu nyingine nyingi hutanguliza latitudo. Vikibadilishana nafasi, Kariakoo inahamia Hispania, karibu na mpaka wa Ureno. Alama ya kutoa ikidondoka njiani, jambo la kawaida mtu anaponakili kwa mkono, Kariakoo inakwenda Ethiopia, upande wa Milima ya Bale. Vyote vikipotea, inatua baharini kusini mwa Ghana, sifuri kwa sifuri. Ukiona nukta zako zimekusanyika katika mojawapo ya mahali hapo, usihangaike na majina, kasahihishe safu.

Kosa la datumu, yaani mfumo wa marejeo wa viwianishi, ni la hila zaidi. Ramani za zamani za Tanzania na michoro mingi ya upimaji hutumia Arc 1960. GPS hutumia WGS 84. Viwianishi vya mfumo mmoja vikisomwa kama vya mwingine, kila kitu huhama takriban mita 300, vyote kwa pamoja na kuelekea upande mmoja. Mita 300 hazikutoi mjini. Zinakutoa mtaa mmoja na kukuingiza mwingine, na ramani inaendelea kupendeza.

Na ipo nukta iliyo sahihi kabisa inayomfikisha mtu pabaya. Programu ya njia humpeleka dereva kwenye kipande cha barabara kilicho karibu na nukta kwa mstari ulionyooka. Kama nukta ni katikati ya jengo na geti liko kichochoro cha nyuma, dereva anasimama mbele ya ukuta. Kandokando ya Barabara ya Morogoro, ambako njia za mabasi ya mwendokasi zilizoanza kazi mwaka 2016 zimekaa katikati, kukosea upande ni kukosea safari, kwa sababu gari halivuki popote linapotaka. Nukta ya anwani ingefaa kuwa ya geti, na jengo libaki na umbo lake.

Kumenya anwani

Namna ya kutafuta ubovu inafuata kutoka katika haya yote. Kwanza lichunguze jibu kabla ya kulilalamikia: jiokoda nyingi hurudisha, pamoja na nukta, jina kamili la kilichopatikana na aina yake, kama ni nyumba, barabara, kitongoji au mji. Watengenezaji wa tovuti huitupa sehemu hiyo na kubakiza namba mbili. Irudishwe, na uilinganishe na ulichoandika. Kisha imenye anwani kutoka mwisho, neno baada ya neno: ondoa geti, ondoa kituo cha mafuta, ondoa Remmy. Mahali jibu linapotokea au linapobadilika ghafla, neno uliloliondoa mwisho ndilo lenye ugonjwa. Baada ya hapo geuza swali. Chukua nukta unayoijua kwa hakika, kwa kuisimamia au kwa kumuuliza mwenyeji, na uiulize programu inapaita pale jina gani. Ikisema jina tofauti na la wakazi, tatizo ni jina. Ikisema kata isiyo yake, tatizo ni mipaka. Ikisema sawasawa, basi data ni nzima na kosa liko kwenye ukataji wa sentensi, na hapo tu ndipo fundi wa programu anapohitajika.

Anayeshughulikia maelfu ya anwani hawezi kuzimenya zote. Aangalie marundo. Nukta nyingi zilizokaa mahali palepale, kwa tarakimu zote za desimali, si jengo lenye wakazi wengi. Aghalabu ni kitovu cha kata kilichobeba kila anwani iliyoshindikana. Hili si dosari ndogo katika utafiti wa magonjwa. Rundo hilo likiingizwa kwenye hesabu za msongamano linazaa kitovu cha mlipuko kilichotengenezwa na programu, na kitovu hicho kitaonekana hasa katika kata zenye makazi yasiyopimwa, maana huko ndiko anwani hushindikana. Umaskini wa data unageuka kuwa ugonjwa wa watu.

Namba mlangoni haitoshi

Kuna watakaosema tatizo limekwisha. Februari 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Operesheni Anwani za Makazi, na kabla ya Sensa ya Agosti 23 mwaka huo barabara na vichochoro visivyokuwa na majina vikapewa majina, nguzo zikasimikwa, nyumba zikabandikwa namba, na mfumo wa kidijitali wa NaPA ukaanza kuzihifadhi. Anwani ya sasa ina namba ya nyumba, jina la barabara na postikodi ya tarakimu tano inayofika ngazi ya kata, au shehia kwa Zanzibar. Ni kazi kubwa, na sikubaliani na wanaoibeza. Kwa mara ya kwanza wakazi wengi wana anwani ambayo mashine inaweza kuisoma.

Lakini operesheni ile ilichagua mfumo wa mstari. Jina la kichochoro lililobandikwa mwaka 2022 halijawa jina linalotajwa na mkazi wake, na huenda lisiwe kwa muda mrefu. Sinza kwa Remmy itaendelea kuandikwa kwenye fomu. Rejesta inayojua namba 17 ya kichochoro fulani na isiyojua kwamba kichochoro hicho kiko kwa Remmy ina nusu ya anwani. Zanzibar jambo hili ni zito zaidi. Katika vichochoro vya Mji Mkongwe, ambako mtu huelekezwa kwa msikiti, baraza na jina la eneo kama Kiponda, Mkunazini au Vuga, kufikiria kwamba mstari ndio utakaobeba anwani ni kulazimisha.

Wengine wanapendekeza tuziruke anwani kabisa na kutumia misimbo: Plus Codes za Google, ambazo ni huria na msimbo wake wa kawaida hufunika mraba wa takriban mita 14 kwa 14, au what3words ya London, ambayo ni mali ya kampuni. Misimbo hiyo inafaa kwa kumtumia mtu nukta ambayo tayari unayo. Haifanyi jiokodi. Haiwezi kuziokoa anwani nyingi zilizokwisha kuandikwa kwenye mafaili ya hospitali, na herufi moja ikikosewa haina jirani wa kuuliza.

Tiba ninayoiona ni ya kuchosha na haina uzinduzi. Mipaka ya mitaa na shehia iingizwe kama maeneo yenye majina. Vituo vya daladala viingizwe kwa majina yao kamili, Kimara Korogwe likiwa jina moja na si mawili. OpenStreetMap ina lebo ya anwani kwa nyumba isiyotegemea barabara, inayotaja eneo badala ya mstari. Wachoraji wetu waitumie pale inapostahili, bila kuona kwamba wanavunja utaratibu. Kila jina la zamani libaki likiwa na mwaka lilipokoma kutumika. Mamlaka zinazotunza anwani za makazi zitoe majina ya barabara na mipaka ya mitaa, bila taarifa zozote za wakazi, kwa namna ambayo yeyote anaweza kuyapakua na kuripoti kosa.

Kwetu sisi watafiti kuna sharti moja linaloweza kuanza bila bajeti. Makala yoyote yenye ramani iliyotokana na anwani ieleze ni kiasi gani cha anwani hizo kilipatikana hadi ngazi ya nyumba, kiasi gani barabara, kiasi gani mtaa, na kiasi gani kiliishia kwenye kitovu cha kata. Itaje pia rejesta iliyotumika na tarehe yake. Wahariri wa majarida yetu wana uwezo wa kulidai hilo kuanzia toleo lijalo, na ninawaomba walidai.